Kuonja munkoyo: maneno ya kinywa tunayoyapoteza

Mu feti nyingi za ndoa hapa Likasi, tangu Kikula mpaka Panda, chupa ya divai nyekundu haikosi juu ya meza ya wakubwa. Mwenye kopo analizungusha kidogo, ananusa, kisha anasema kwa Kifaransa kwamba inanukia «cassis». Wote tunaitikia kwa kichwa. Lakini tujiulize: nani kati yetu amekwisha kula tunda hilo? Sisi tuliosoma tunalijua mu vitabu tu. Pembeni, mu bidoni la njano, kuna munkoyo. Mtu anakunywa, anapangusa midomo, anasema: «Iko bien.» Basi, maneno yameisha.

Hatukuja hapa kukosoa divai, wala kusifu kila kitu cha nkambo kwa sababu ni cha nkambo. Tunakosoa namna yetu ya kusema juu ya ladha. Kwa kinywaji cha wageni tunaazima maneno tusiyoweza kuyashuhudia. Kwa kinywaji chetu hatutafuti neno lolote.

Wenye kazi ya divai wanafanya nini kwa kweli? Wanatazama kwanza, kisha wananusa, kisha wanaonja. Émile Peynaud, mtaalamu wa Bordeaux, aliandika juu ya kazi hiyo kitabu kizima, «Le Goût du vin», kilichotoka mu 1980. Kule California, mu miaka ya 1980, Ann Noble alichora duara la harufu za divai: katikati kuna maneno mapana kama «matunda», na ukingoni kuna majina ya vitu vyenyewe, kama limau. Neno kama «nzuri» halina nafasi mule, juu haliwezi kuchunguzwa. Lakini limau unaweza kulikata, ukaliweka mbele ya mwenzako, naye akanusa na kusema ndiyo ao hapana. Hii njo nguvu ya kazi yao: wanatumia maneno ambayo jirani anaweza kuyahukumu. «Cassis» ni neno zuri kwa Mfaransa aliyeyachuma matunda hayo mu shamba la nkambo wake. Mu kinywa chetu linakuwa pambo.

Sasa tuje ku munkoyo. Kwa vijana tueleze kidogo. Mizizi inachimbwa mu pori. Wataalamu wa mimea wanataja hasa jamii za Rhynchosia na Eminia. Inapondwa mpaka inabaki nyuzi. Uji wa mahindi unapikwa vizuri, unashushwa, unaachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo mizizi inaingia. Uji uliokuwa mzito unakuwa mwepesi na kupata utamu, bila ata kijiko kimoja cha sukari. Kemia inatuonyesha sababu: mu mizizi kuna enzimu zinazokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Ukiitia mu uji unaochemka, enzimu zinakufa na kazi imeharibika. Munkoyo ikilala usiku, siku ya pili imeanza kuchacha; siku zikizidi, ukali unapanda na pombe inaingia. Kwa hiyo munkoyo ya leo si ya jana, na kinywa kinapaswa kujua tofauti.

Mwaka mmoja tulileta darasani makopo matatu. Mu la kwanza kulikuwa munkoyo mpya tuliyoipika sisi wenyewe nyumbani; mu la pili, munkoyo ya siku mbili; mu la tatu, uji uliotengenezwa kwa sukari na levure, bila mzizi. Wanafunzi walionja na kuandika: «bien», «tamu», «tamu sana». Wengi walilipa kopo la tatu nafasi ya kwanza. Kisha tukamkaribisha mama mmoja anayeuza munkoyo njiani. Hakuonja mara moja. Aliinamisha kopo la kwanza, akatazama namna kinywaji kinavyoshuka, akanusa. «Hii inanuka udongo wa pori kisha mvua. Mizizi iko ndani. Lakini uji uliungua chini: hamusikie ukoko?» Mwanafunzi mmoja alinusa tena, akacheka: «Ni kweli, mama, ukoko!» Na sisi, tulioiunguza na kunyamaza, tuliona haya. Juu ya kopo la pili alisema: «Hii ilikwisha kulala. Inauma pembeni ya ulimi sawa ndimu, lakini koo haiiumize.» Juu ya la tatu: «Hii ni sukari. Utamu unakuja mbio, unaenda mbio. Nyuma haubakishe kitu.»

Mama yule hakusoma Peynaud, lakini alifuata njia ileile: macho, pua, kinywa, na maneno yake yote yalikuwa vitu tunavyoweza kuvishika: udongo, ukoko, ndimu. Ndiyo maana mtoto aliweza kumshuhudia.

Wengine watatuambia: «Munkoyo ni ya kukata kiu, mambo ya nini kuisemea sawa divai ya Wazungu?» Wana haki kidogo. Mtu aliyetoka kulima ku jua hahitaji hotuba. Lakini tuangalie kinachotokea ku soko. Mizizi inataka mtu aende porini, achimbe, aponde, angojee. Sukari inataka pesa kidogo na dakika kumi. Kama mnunuzi hajui kusema tofauti, juu ya nini muuzaji ajichoshe? Kila «iko bien» yetu inamlipa wa sukari sawasawa na wa mizizi. Siku moja mizizi itabaki porini na jina peke yake litabaki ku bidoni.

Mu nyumba nyingi za kwetu, anayeleta kinywaji anaonja kwanza mbele ya wageni. Tunasema ni kuonyesha kwamba hakuna sumu. Ni kweli, lakini sisi tunaona jambo lingine pia: anayeonja kwanza anajibu juu ya ladha. Wanaokunywa nao wanapaswa kumjibu kwa maneno yaliyo sawa.

Tukubali pia udhaifu wetu. Mji huu, tangu ulipoitwa Jadotville, ulikusanya watu wa mbali kwa kazi ya migodi. Kisanga, Kibemba na Kiluba vina maneno yao ya uchachu na ukali, na neno la nyumba moja halisikiwi mu nyumba ya pili. Duara letu bado halijachorwa.

Basi tunaomba kila msomaji aulize mama ao nkambo wake mambo matatu: harufu ya mzizi mzuri inafanana na nini? Uchachu wa siku ya pili? Na uji ulioungua? Aandike neno mu luga yake, na kando yake kitu kinachofanana nalo, kisha alilete ku chama.

Na divai? Tuinywe bila haya. Lakini kama kopo linatukumbusha masuku yaliyoiva kupita kiasi, tuseme masuku. Mwenzetu atanusa, na atatuambia kama tunadanganya.