Mguu Unaosikia

Pedali ya breki ya gari kuukuu huugua kwa namna tatu, na fundi wa zamani alizipambanua kabla hajainua boneti. Kuna pedali inayobonyea kama godoro la sponji. Kuna inayoshuka mbali mno kwenye mkanyago wa kwanza, kisha ikikanyagwa tena inapanda na kusimama imara. Na kuna inayoupokea mguu vizuri, lakini mguu ukitulia palepale, inazama taratibu mpaka sakafuni kama mzee anayesinzia barazani. Dereva huziita zote "breki hazishiki". Fundi alivua kandambili mlangoni, akaingia pekupeku, akakanyaga, akanyamaza.

Sababu ya msingi haijabadilika tangu gari la Duesenberg la 1921 lilipofungwa breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne: mafuta hayabanwi, upepo hubanwa. Basi hutafutwa kilichoingia, au kilichotoka.

Pedali inayopanda kwa mkanyago wa pili ndiyo inayosingiziwa zaidi. Land Rover Series III, iliyoanza kuuzwa 1971, ina ngoma mbele na nyuma. Lainingi zikilika, nafasi kati yake na ngoma hupanuka, na mkanyago wa kwanza wote huishia kuijaza nafasi hiyo. Tiba ni spana moja: bolti ya kurekebishia iliyo nyuma ya gurudumu huzungushwa mpaka ngoma ikaze, kisha hurudishwa kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Hakuna spea ya kununua. Masta silinda nzima ngapi zimetupwa kwa sababu hakuna aliyetaka kulala chini ya gari nusu saa!

Inayozama huanza kuchunguzwa kwa macho. Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo bodi iliyobambuka chini ya masta silinda ni ushahidi tosha. Unyevu huangaliwa upande wa ndani wa tairi, chini ya kiraba cha vumbi cha silinda ya gurudumu, na kwenye zulia la miguuni mwa dereva. Gari lenye busta huweza kumeza mafuta yake lenyewe: kikopo kinapungua, chini hakuna hata tone, na moshi mweupe unatoka nyuma.

Kote kukiwa kukavu, shaka huhamia kwenye raba za ndani ya masta silinda, na hapa ndipo unyayo ulipokuwa na elimu yake. Pedali hukanyagwa kwa nguvu, na huenda ikakaa. Kisha hukanyagwa kwa upole, kama kwenye taa nyekundu, na kushikiliwa. Ikizama kwa mguu mwepesi na kukaa kwa mguu mzito, raba imechoka: shinikizo kubwa huutanua mdomo wake ukagusa ukuta wa silinda, lakini dogo huyaacha mafuta yapenye pembeni. Fundi mwenye haraka hukanyaga mara moja, kwa nguvu, akatangaza kuwa breki nzima. Palipobaki shaka, mipira ya kwenda magurudumuni ilibanwa mmoja mmoja kwa koleo lililoviringishwa kitambaa. Pedali ikizama hata yote ikiwa imebanwa, kosa liko kwenye masta.

Inayobonyea ina upepo, au ina mpira mkuukuu unaovimba kila breki inapokanyagwa. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wasioonana. Fundi yuko chini, kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kijana yuko juu kwenye kiti. "Pampu!" Kijana anapampu. "Shika!" "Nimeshika." Nipo ya kutolea upepo inalegezwa, pedali inashuka, mafuta yanapita kwenye mpira mwangavu hadi ndani ya chupa ya soda, na vipovu vinapanda kimoja kimoja. Nipo inakazwa. "Achia!" Kijana akiachia mapema, upepo hunyonywa ndani na kazi huanza upya. Gereji nzima ilimjua kijana wa nani ana mguu wa subira.

Wakati wa kazi hiyo, chini ya pedali kulikuwa na kibao cha mti. Kwenye masta ya miaka mingi, raba hutembea sehemu ileile ya silinda kila siku, na ng'ambo ya hapo kutu na uchafu hujikusanya. Pedali ikigandamizwa hadi sakafuni, raba huburuzwa juu ya ukwaru huo na kuchanika, gari lililokuja na upepo likaondoka na ugonjwa mwingine. Kibao kiliizuia pedali isifike huko. Vijana wengi wa leo hawajakiona.

Kuna ulaini unaokuja na kwenda. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205, lakini hunywa maji kutoka hewani. Maji yakifika asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Gari linaloteremka mlima Kitonga likitoka Iringa, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, huyachemsha, na mvuke hubanwa kama upepo. Asubuhi limepoa, pedali ni ngumu, na mwenye gari anaonekana mzushi. Fundi alimuuliza kwanza alitokea wapi.

Zamani raba za masta zilibadilishwa peke yake, zikaoshwa kwa mafuta ya breki, kamwe si petroli wala oili, ambazo huzivimbisha. Sasa mara nyingi masta huja nzima ndani ya boksi. Ikifungwa na pedali ikiendelea kuzama, hununuliwa boksi jingine.

Kipimo cha mwisho huanza injini ikiwa imezimwa. Kwa gari lenye busta, pedali hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, mguu ukabaki pale, kisha injini huwashwa. Pedali hushuka kidogo, na hiyo ni afya. Hushikiliwa hivyo dakika nzima, kwanza kwa mguu mzito, kisha kwa mwepesi, ndipo gari litolewe uani polepole, mkono ukiwa juu ya hendibreki.