Shafti ndefu kwenye lami ya Kondoa

Dereva aliposimama kwenye gereji ile ya Dodoma hakulalamikia injini. "Fundi, likifika themanini na tano linatetemeka kama lina homa. Likishuka sabini, kimya." Alikuwa ameshabalansi tairi mara mbili, Babati na hapa mjini, na kutupa shokapu mbili za nyuma ambazo zilikuwa bado nzima.

Lilikuwa Land Cruiser la watalii, lile refu lenye paa la kunyanyuka na viti saba nyuma ya dereva. Lilitoka Arusha, linakwenda Ruaha kwa kupitia Iringa. Fundi hakuzigusa tairi. Alitandika boksi, akaingia uvunguni na futi ya kupimia, akakaa huko kama dakika tano. Shafti ya kutoka giaboksi hadi kwenye difu ilikuwa bomba moja tu, mita mbili kasoro kidogo, limeungwa katikati kwa pete ya kuchomelea. Krosi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kuzunguka kwa pembe, ilikuwa moja mbele, moja nyuma. Akatoka anajifuta mikono. "Wameongeza chuma, hawajaongeza krosi."

Magari haya kiwandani hayatoki marefu hivyo. Land Cruiser 78, lile la mwili mrefu, lina milimita 2,980 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na pikapu ya 79 ina 3,180. Ili kila mtalii apate dirisha lake, gereji za Arusha hukata chasisi na kuingiza kipande katikati. Wazo si la kihuni. Land Rover wenyewe walilifanya Uingereza kuanzia 1983: walichukua gari la 110, wakakata chasisi, wakaongeza inchi 17, wakaliita 127.

Mnunuzi wa gari lililorefushwa huinama kutazama sehemu moja tu, pale palipochomelewa. Ana haki ya kuogopa. Ukilirefusha gari la 2,980 kwa sentimita 50 na mzigo ukabaki uleule, nguvu inayokunja chasisi katikati huongezeka kwa asilimia 17 hivi, na kule kubonyea huongezeka kwa karibu asilimia 60, kwa sababu kubonyea hufuata kipeo cha tatu cha urefu. Ndiyo maana fundi mzuri hakati wima. Hukata kwa mshazari, mikato ya kushoto na kulia haikutani mstari mmoja, kisha hufunika kwa bati nene lililochongwa ncha kama almasi ili joto la kuchomelea lisiache mstari wa kukatikia. Pia hukaa mbali na vishikio vya springi. Kazi hii, kwa niliyoyaona, mafundi wetu wanaiweza. Kwenye gari hili nilitafuta ufa kwa tochi nikaukosa.

Kilichonisumbua mimi ni shafti. Bomba linalozunguka lina mwendo wake ambao likiufikia huanza kupinda lenyewe katikati na kucheza kama kamba ya kuruka ya watoto. Mwendo huo hushuka haraka kuliko watu wanavyodhani: ukiongeza urefu mara mbili, unabaki robo. Chukua bomba la chuma la milimita 76 lenye unene wa milimita 2. Likiwa na mita moja na nusu, hatari iko kwenye mizunguko 5,600 hivi kwa dakika. Lifikishe mita mbili, inashuka hadi 3,200, na busara ya ufundi inataka usivuke robo tatu ya hapo, yaani 2,400.

Sasa hesabu ya barabarani. Tairi ya inchi 16 ya kazi husafiri kama mita mbili na nusu kwa mzunguko mmoja. Kwa difu ya 4.1, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 2,700 ya shafti, na themanini na tano ni 2,300. Ongeza bomba lililoungwa katikati bila kubalansiwa, uzito umekaa palepale linapotaka kupinda, na homa ya dereva inapata jina.

Mbona halikuwahi kulalamika huko nyuma? Kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna anayekimbia, na zamani hata njia hii ya Kondoa, kati ya Babati na Dodoma, ilikuwa vumbi na mawe. Tangu kilomita 251 za lami kati ya Dodoma na Babati zizinduliwe 2018, dereva anakanyaga. Lami ndiyo iliyoiumbua shafti.

(Mkoa huu una historia ya kuumbua mashine zilizogeuzwa. Kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliletewa vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza trekta na kuviita Shervick. Mradi ulifutwa 1951, na udongo ule unaokauka kama saruji ulikuwa umeshakula vyuma vingi.)

Dawa ya shafti ndefu inajulikana: kugawa shafti vipande viwili, kuweka senta beringi katikati, na kuishikilia kwa kroso memba mpya. Kila kipande kinakuwa kifupi, krosi zinakuwa tatu. Kazi ya kukereza na kubalansi ilichukua siku mbili. Walipojaribu kuelekea Bahi, mtetemo wa themanini na tano ukawa umekwisha, lakini ukazaliwa mwingine: kila dereva alipokanyaga kutoka mwendo mdogo, sakafu ilinguruma.

Hapo fundi alinionyesha kitu ambacho ningekipita. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa; kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya mwisho wa kipande ndiyo inayofuta kosa la ile ya mwanzo, ila kwa masharti mawili: uma za ncha zote mbili zilale upande mmoja, na pembe zilingane. Uma zilikuwa sawa. Pembe ndizo zilizokataa, na sababu ilikuwa springi. Waliorefusha gari waliongeza majani mawili ya springi nyuma kubeba friji, mahema na abiria, mkia ukapanda, lakini pua ya difu wakaiacha inatazama ilikokuwa ikitazama. Fundi akakereza kabari mbili za chuma, akaziweka kati ya springi na ekseli, pua ikainuka kidogo. Ngurumo ikaisha. Halafu akarekebisha fimbo ya vavu ya breki za nyuma, ile inayopima mzigo kwa kimo cha mkia, kwa sababu mkia uliopanda huiambia gari ni tupu hata likijaa.

Kuna lisilo na kabari. Gari refu hugusa tumbo mapema: kimo kikibaki kilekile, pembe ya kuvuka tuta hupungua kwa sehemu moja ya saba hivi, na kwenye makorongo ya Ugogo hiyo ndiyo tofauti ya kupita na kuchimba. Tena huhitaji uwanja mpana kugeuka.

Kwa hiyo ukienda kununua gari lililoongezwa nusu mita, tazama pa kuchomelea, kisha lala chini uhesabu krosi za shafti ya nyuma. Ukizikuta mbili, mwambie muuzaji akatafute senta beringi kwanza, ndipo mrudi kwenye bei.