Hesabu ya Kiroba: Jinsi Virutubishi Vilivyoingia katika Mashine Ndogo za Kusaga

Mashauri ya biashara wanayopewa watengenezaji wa vyakula aghalabu husifiwa kwa uzuri wa maandishi yake, ilhali mizani yake ya haki ni moja: je, mwenye mali aliyeshauriwa, akiisha kufunga hesabu zake za jioni, ataona sababu ya kuendelea kesho bila ya kusukumwa na mtu? Kwa mizani hiyo nataka kuipima kazi ya Sanku, shirika lililowaendea wenye mashine ndogo za kusaga mahindi nchini Tanzania, ambalo mmoja wa waasisi wake, Felix Brooks-Church, alitunukiwa tuzo ya Rolex mwaka 2021.

Haja ya siha yenyewe ni dhahiri. Mahindi yakikobolewa ili ipatikane sembe nyeupe, ganda na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya madini na vitamini, navyo huishia katika pumba za mifugo. Basi mlaji wa ugali hushiba, na mwili wake ukabaki na upungufu. Dawa yake ni kutia katika unga madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Asidi ya foliki peke yake yatosha kuonyesha kwa nini jambo hili haliwezi kuachiwa zahanati: mrija ambao kwao hutokea ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga yapata siku ya 28 tangu kutungwa mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni waja wazito. Kinga hiyo haina budi iwemo mwilini mapema, na mlango wake ulio karibu ni sahani ya kila siku.

Tanzania ilizindua mpango wa taifa wa kuongeza virutubishi katika vyakula mwaka 2013. Viwanda vikubwa vilikuwa na njia, maana unga wao hutiririka kwa kasi moja, na mtambo wa kudondoshea virutubishi hufuata saa tu. Lakini simama kando ya mashine ya mtaani uone: kijana ana debe begani, anamimina mahindi katika hopa, mara umeme unapungua, mara mahindi yana unyevu yanashuka polepole, mara hopa imebaki tupu kwa kuwa yeye amekwenda kumpokea mteja. Anayedondosha kwa saa mahali hapa atatia vingi pasipo na unga na vichache penye unga tele. Kwa hiyo wahandisi waliacha kipimo cha wakati wakashika kipimo cha uzito: kifaa hupima mahindi yaliyomo katika hopa, na kadiri uzito unavyopungua kwa kushuka kinuni, nacho humwaga kiasi kinachostahili, gramu chache tu kwa kiroba cha kilo 25; mahindi yakisimama, nacho husimama.

Fundo la kwanza likafunguka, likabaki la pili, ambalo ni la rasilmali. Virutubishi hununuliwa kwa fedha, na mlaji havioni wala haonji ladha yake, basi havilipii kwa hiari. Na mwenye mashine, ambaye faida yake kwa kilo ni haba, akithubutu kupandisha bei mnunuzi huvuka barabara akaenda kwa jirani. Mshauri mwenye haraka angeagiza mlaji afundishwe au mfadhili atafutwe, na la kwanza huchukua miaka mingi, la pili lina mwisho wake. Sanku walitafuta jibu katika manunuzi ambayo mwenye mashine hana budi kuyafanya hata sasa, wakaviona viroba vitupu. Yeye huvinunua kidogo kidogo kwa bei ya rejareja. Anayevinunua kwa ajili ya wenye mashine wengi kwa pamoja hupata bei ya jumla. Shirika likawauzia viroba kwa bei waliyokwisha kuizoea, na tofauti baina ya bei hizo mbili ikagharimia virutubishi, hata daftari la mwenye mashine lisiongezeke gharama.

Fundo la tatu ni ukaguzi. Kifaa hutuma habari zake kwa mtandao wa simu, na idadi ya viroba vilivyonunuliwa nayo ni shahidi wa pili, kwa maana unga mwingi uliofungwa hauwezi kupatana na virutubishi vichache vilivyotumika.

Shauri hili lina mipaka yake. Mtu anayeleta mahindi ya shambani kwake katika ndoo, akalipa ijara ya kusagiwa na kurudi na unga katika ndoo ile ile, hanunui kiroba, na kwake hesabu hii haina la kusema. Aidha, bei ya rejareja ikikaribiana na ya jumla, mfuko wa virutubishi nao hupungua.

Hata hivyo, anayetaka kuwashauri wauza chakula na ajifunze hapa kuanzia katika stoo ya mteja, ahesabu vinavyonunuliwa kila wiki, kabla hajamwomba anunue kipya. Mama anayesonga ugali jioni hakutakiwa abadili mapishi yake, wala mwenye mashine hakuombwa sadaka. Kila mmoja amefanya lile alilolifanya jana, na siha imepita baina yao ndani ya kiroba.