Turbaini Iliyosimama Kila Sili Alipokaribia

Ghuba ya Strangford, Ireland ya Kaskazini, inaingiliwa na bahari kupitia mlango mmoja ambao pale unapobana sana upana wake haufiki kilomita moja. Maji yakijaa au yakipwa, takriban mita za ujazo milioni 350 hupita hapo, na siku za bamvua mkondo hukaribia kasi ya mita 4 kwa sekunde. Mahali pa namna hiyo panamtoa udenda mtu yeyote anayetaka kufua umeme kwa mkondo wa bahari. Shida ni kwamba panapendwa na wengine pia. Sili hupita mlangoni wakienda kuwinda na kurudi kupumzika kwenye miamba, pomboo wadogo wenye pua butu wamo, na chini kuna makundi ya kome na viumbe wa miambani ambao wanasayansi walikuwa wakiwachunguza miaka mingi. Ghuba ililindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, ikaorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, na mwaka 1995 ikatangazwa kuwa hifadhi ya bahari.

Hapo ndipo kampuni ya Marine Current Turbines ilipoweka SeaGen mwaka 2008. Ulikuwa mnara mmoja uliosimama sakafuni mwa bahari, wenye mkono wa kulia na wa kushoto, kila mkono umebeba rota yenye kipenyo cha mita 16. Kwa pamoja rota hizo zilitoa megawati 1.2, na mikono yote iliweza kuinuliwa juu ya maji wakati wa matengenezo. Umeme wake uliingia kwenye gridi Julai 2008, na Desemba mtambo ukafikia nguvu zake zote. Uhandisi huo umeshasifiwa vya kutosha. Mimi nilivutiwa zaidi na leseni: ilipatikanaje ndani ya hifadhi, na masharti yake yalitufundisha nini kuhusu sili na mapanga yanayozunguka?

Waombaji wa leseni walikuwa na njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kuandika ripoti nene ya athari za mazingira, kuitisha mkutano mmoja wa hadhara wenye chai na maandazi, kisha kusubiri mhuri. Ya pili ni kuhama na kutafuta mahali pasipo na hifadhi. Strangford walifuata njia ya tatu. Walikiri mapema kwamba hakuna aliyejua sili angefanya nini mbele ya rota ya ukubwa ule, kwa sababu hapakuwa na rota kama hiyo mahali pengine ambapo mtu angeweza kwenda kutazama. Leseni ikatolewa kwa makubaliano kwamba mtambo wenyewe ndio utakuwa chombo cha utafiti, na masharti yatakazwa au kulegezwa kadiri takwimu zitakavyosema.

Makubaliano ya aina hii hayana maana kama haijulikani nani anasoma takwimu hizo. Kiliundwa kikundi cha sayansi chenye mwenyekiti asiye mtu wa kampuni wala wa serikali. Humo walikaa wakala wa mazingira wa Ireland ya Kaskazini, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, ambacho kina maabara yake ya bahari pale pale Portaferry mdomoni mwa ghuba, watafiti wa mamalia wa baharini kutoka Chuo Kikuu cha St Andrews, na washauri wa Royal Haskoning walioratibu mpango kwa niaba ya kampuni. Kando yake palikuwa na kikundi cha mawasiliano kwa ajili ya watu wa pwani na watumiaji wengine wa ghuba. Naupenda mgawanyo huo. Mvuvi hakulazimishwa kubishana juu ya takwimu za sona (kifaa cha kutambua vitu majini kwa mawimbi ya sauti), na mtafiti hakugeuzwa msemaji wa kampuni mbele ya wananchi.

Kazi ilianza miaka kadhaa kabla ya mnara kushushwa majini. Kuanzia 2004 na 2005 watu walikaa ufukweni na darubini wakihesabu wanyama na ndege. Vifaa vya kunasa milio ya pomboo viliwekwa chini ya maji. Sili walibandikwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao mwaka 2006, kisha 2008 wakati wa ujenzi, kisha 2010 mtambo ukiwa kazini. Wapiga mbizi walikagua viumbe wa sakafuni, na mizoga ya sili iliyotupwa ufukweni ilichunguzwa kujua chanzo cha kifo. Gharama ya mpango wote ilikadiriwa kufikia pauni milioni 3, mzigo mzito kwa mtambo mmoja, na ndiyo maana makampuni mengine yaliutazama kwa hofu.

Takwimu hizo za mwanzo zililipa. Idadi ya sili wa ghuba hiyo ilikuwa ikishuka tangu zamani, kabla mtu hajaota SeaGen. Bila hesabu za miaka ya nyuma, kila sili aliyepungua baada ya 2008 angeandikwa kwenye deni la turbaini.

Nitoke kidogo nje ya mstari. Mwaka 2010 watafiti walitoa taarifa ya mizoga ya sili iliyochanwa kwa mzunguko, kama iliyopitishwa kwenye skrubu, iliyokutwa mashariki mwa Scotland, Norfolk na Strangford yenyewe. Unaweza kukisia vidole vilivyoweza kuelekezwa mnarani. Dhana ya kwanza ya wachunguzi ilikuwa mapangaboi ya meli yaliyofunikwa kwa bomba. Miaka michache baadaye, katika kisiwa cha May, Scotland, dume la sili wa kijivu alionekana akiua na kula watoto wa sili na kuwaachia majeraha ya namna hiyo hiyo. Kama pasingekuwa na utaratibu wa kuchunguza mizoga, wala na mizoga kutoka sehemu zisizo na turbaini, sijui mtambo ungejitetea kwa lipi.

Sasa tufike kwenye sharti lenyewe. Leseni ilidai kwamba sili au pomboo akikaribia kupita umbali uliowekwa, rota zisimamishwe papo hapo. Mwanzoni mtazamaji wa wanyama alikaa juu ya mnara, na kwa kuwa macho hayaoni gizani, mtambo haukuruhusiwa kuzunguka usiku. Baadaye ikaja sona, na mtu wa zamu ufukweni akaitazama skrini saa zote, kidole kikiwa karibu na kitufe. Sona ile haikutofautisha vizuri sili na bonge la mwani au gogo linaloelea, kwa hiyo mtambo ulisimamishwa pia kwa ajili ya vitu visivyo na uhai. Kadiri takwimu zilivyokusanyika bila kuonyesha madhara, kikundi kilipendekeza umbali huo upunguzwe hatua kwa hatua, hata ukashuka chini ya mita 30.

Kiutaratibu hii ni kazi safi. Masharti yalilegezwa kwa ushahidi, na mwenyekiti wa nje aliufanya uamuzi uaminike. Ripoti ya mwisho ya mpango, iliyotoka Januari 2011, haikukuta athari kubwa kwa sili, kwa pomboo wala kwa viumbe wa sakafuni. Pomboo walipungua wakati wa ujenzi, kisha wakarudi. Uchambuzi wa takwimu za vifaa vilivyobandikwa sili, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba waliendelea kupita mlangoni, ingawa mtambo ukizunguka safari zao zilipungua kwa takriban asilimia 20, na waliopita walijisogeza pembeni kiasi cha mita 250. Wengi walichagua saa ambazo maji yametulia, yaani saa ambazo rota hazina mkondo wa kuzizungusha.

Lakini swali lililowaleta wote mezani lilikuwa moja: je, panga litampiga sili? Strangford haikulijibu, na haikuweza kulijibu, kwa sababu kila sili aliyefika karibu kiasi cha kulijaribu panga alikuta rota inasimama. Ni sawa na kumfunga mbwa mnyororo mwaka mzima kisha kuandika ripoti kwamba hang'ati. Sharti lililowatuliza wadau ndilo lililowanyima jibu.

Silaumu walioliweka. Mwaka 2005, katika hifadhi, bila mfano wa ukubwa ule duniani, nisingethubutu kudai rota zizunguke bila ulinzi. Ninacholaumu ni kwamba tahadhari ilipewa mlango wa kuingilia tu. Makubaliano yalieleza vizuri lini sharti litaanza. Siku ya kulisitisha kwa majaribio, kifaa cha kupimia siku hiyo, na fungu la kulipia kifaa hicho havikupewa uzito uleule. Baadaye mtambo ukabadilisha wamiliki: Siemens waliichukua kampuni 2012, Atlantis wakaichukua 2015, na kila mwenye mali mpya alikuja na vipaumbele vyake.

Scotland waliisoma hesabu hiyo. Mradi wa MeyGen, katika mlango wa bahari wa Pentland kati ya Caithness na kisiwa cha Stroma, uliruhusiwa mwaka 2013 kufikia megawati 86, ila kwa sharti la kuanza na mitambo michache na kutopanua mpaka serikali iridhike na takwimu. Zikawekwa turbaini 4 za megawati 1.5 kila moja. Safari hii hapakuwa na mtu wa kubonyeza kitufe kila sili anapoonekana. Kwenye msingi wa turbaini moja vilifungwa vinasa sauti 12, vikafuatilia pomboo kwa zaidi ya siku 400, na ikaonekana kwamba wanaikwepa rota inayozunguka. Kwa upande wa sili, idadi yao ndani ya kilomita 2 ilipungua kwa takriban asilimia 28 mitambo ikiwa kazini. Anayetaka kutetea sili ana takwimu hapo, na anayetaka kutetea turbaini anazo pia, kwa kuwa mnyama anayekwepa hapigwi. Ubishi unaendelea, lakini ni juu ya mitambo inayozunguka.

Ghuba ya Fundy, Kanada, yenye tofauti kubwa kuliko zote duniani kati ya maji kujaa na kupwa, ilikwenda vibaya zaidi. Turbaini ya kwanza, ya 2009, ilivunjwa mapanga na mkondo ndani ya wiki chache. Ilipoletwa nyingine 2016, chama cha wavuvi wa kambakoche na samaki wengine kilikwenda mahakamani kikidai takwimu za mwanzo hazitoshi. Wavuvi walishindwa kesi 2017. Julai 2018 kampuni ya OpenHydro ikafilisiwa siku chache baada ya kushusha turbaini nyingine, na mtambo ukabaki sakafuni. Mwaka 2023 kampuni nyingine, Sustainable Marine, iliacha mradi wake baada ya kukosa kibali cha idara ya uvuvi ya serikali kuu, iliyotaka uthibitisho kuhusu usalama wa samaki. Uthibitisho huo ungepatikana wapi bila mtambo majini, hakuna aliyeeleza kwa namna iliyoiridhisha kampuni. Ni kitendawili kile kile cha Strangford, ila huku hakikupata kuteguliwa kidogo kidogo mezani.

Kwa hiyo nikiulizwa, natoa hukumu hii. Meza ya Strangford iigwe kama ilivyo: mwenyekiti wa nje, takwimu zilizoanza miaka kabla ya ujenzi, mizoga inayochunguzwa, masharti yanayobadilika kwa ushahidi. Sharti la kusimamisha mtambo nalo liigwe, ila leseni itaje tangu mwanzo ni miezi mingapi ya takwimu safi itatosha kuruhusu jaribio la kuzunguka bila kusimama, kwa kifaa gani, na fedha za jaribio hilo zitengwe kabla mnara haujashuka majini. SeaGen ilizalisha gigawati-saa 11.6 na ikaondolewa kabisa mwaka 2019. Jibu la swali la sili na panga halikupatikana kwake.