Tuihakiki bahasha ya omeprazoli

Maandishi ninayotaka tuyahakiki leo ni mafupi kuliko namba yako ya simu: "Omep 1x2". Yameandikwa kwa peni ya bluu juu ya bahasha ndogo ya dawa. Kama unakaa Bunju, au popote kando ya Barabara ya Bagamoyo, huenda ipo moja nyumbani kwenu sasa hivi, kwenye droo au juu ya friji.

Unajua inavyokuwa. Unaingia duka la dawa, unasema, "Dada, nina vidonda vya tumbo." Huulizwi umejuaje. Mkasi unashikwa, kipande cha vidonge kinakatwa, bahasha inaandikwa, unalipa, kwaheri. Boksi linabaki dukani, na ndani ya boksi kinabaki kile kikaratasi kilichokunjwa mara nane chenye maelezo yote, kwa Kiingereza, kwa herufi za kumtesa hata mwenye miwani. Kwa hiyo kwa mgonjwa bahasha ndiyo kitabu kizima. Na kama kitabu, kimeacha sura zote muhimu.

Nianze kwa haki: na dawa yenyewe sina ugomvi. Kabla ya miaka ya 1970 mtu mwenye vidonda sugu aliishia kwenye kisu, akakatwa sehemu ya tumbo au mishipa ya fahamu inayoliamsha tumbo litoe asidi. Simetidini ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976 ilipunguza sana upasuaji huo, na omeprazoli ilipofuata mwaka 1988 ilikuwa na nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na inastahili.

Sasa tuone kwa nini "1x2" haitoshi.

Kwenye ukuta wa tumbo kuna seli zenye pampu ndogo ndogo zinazosukuma asidi kuingia tumboni. Magnesiamu au Eno haigusi pampu. Inapambana na asidi ambayo tayari imeshamwagika, ndiyo maana unapata nafuu ndani ya dakika chache na moto unarudi baadaye. Omeprazoli inafanya kazi tofauti kabisa. Inapita tumboni ikiwa imevikwa koti lisiloyeyuka kwenye asidi, inafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, kisha inarudi kwenye zile seli kwa mlango wa nyuma na kuzifunga pampu moja kwa moja. Pampu iliyofungwa haifunguki tena, mpaka mwili utengeneze nyingine mpya.

Ila kuna sharti. Inazifunga pampu zilizoamka tu, na kinachoziamsha pampu ni chakula. Dawa yenyewe haikai kwenye damu muda mrefu, nusu yake inaondoka ndani ya saa moja hivi. Ndiyo maana inatakiwa imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, ili pampu zikiamka ziikute mlangoni. Ukiimeza baada ya wali maharage kwa sababu kifua kimeanza kuwaka, umechelewa. Na hata ukiimeza sawasawa, nguvu yake kamili inafika baada ya siku tatu nne. Mtu anayesema "nilimeza moja jana haikunisaidia kitu" hajaibiwa na dawa, kaibiwa na bahasha.

Na hata maneno "kabla ya kula", pale yanapoongezwa, hayamtoshi mtu wa Bunju. Mtu huyu anaamka saa kumi alfajiri awahi daladala kabla foleni ya Tegeta haijashika. Anameza kidonge akiwa anavaa viatu, halafu anakuja kupata chai na chapati saa nne, Kariakoo. Zaidi ya saa tano zimepita na dawa nyingi imeshaondoka kwenye damu. Huyu angebeba kidonge chake mfukoni akakimeza saa tatu, kingemfaa zaidi. Ni sentensi moja tu ya mdomo pale kaunta, lakini haisemwi.

Halafu hiyo "x2". Kwa kiungulia cha kawaida dozi ya kuanzia ni miligramu 20 mara moja kwa siku. Mara mbili ina mahali pake, hasa inapoambatana na antibiotiki za kuua bakteria wa tumbo. Kumwandikia kila anayeshika kifua ni mazoea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bahasha haina mwisho. Haisemi siku ngapi. Matibabu ya kawaida ni kati ya wiki nne na nane, kisha mtu anaangaliwa upya, lakini mtaani kuna watu wana miaka mitano wanakata kumi kumi. Ukiwauliza watakwambia, "Nikiacha tu, vidonda vinarudi." Hapa ndipo sayansi inapoleta kitu ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu 120 wazima, wasio na tatizo lolote la tumbo. Nusu walipewa dawa ya ukoo huu huu wa omeprazoli kwa wiki nane kisha wakaachishwa, nusu vidonge bandia muda wote. Wiki chache baada ya kuachishwa, asilimia 44 ya waliokuwa wamepewa dawa ya kweli walipata kiungulia au dalili nyingine za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Watu wazima kabisa, jamani! Tumbo lililozuiwa kwa muda mrefu linajiandaa kutoa asidi zaidi, na breki ikiachiwa ghafla, linafurika. Yaani moto unaoupata wiki ya kwanza baada ya kuacha si lazima uwe ugonjwa uliorudi. Unaweza kuwa ni dawa yenyewe inaondoka. Ndiyo maana madaktari wengi hupunguza dozi taratibu.

Tena asidi si adui tu, ni mlinzi. Katika majaribio ya zamani Marekani, watu waliojitolea kumeza bakteria wa kipindupindu walipopewa kwanza magadi ya kupunguza asidi, idadi ya bakteria iliyotosha kuwaugua­za ilishuka zaidi ya mara elfu. Mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa Kinondoni, na maji ya kisima na ya boza bado tunayanywa. Sisemi omeprazoli inaleta kipindupindu. Nasema kumwondoa mlinzi miaka mitano bila sababu si jambo la kuandikwa kwa herufi tatu.

Tufike kwenye neno lililoanzisha yote: "vidonda". Kwa Kiswahili chetu cha mtaani kila kinachowaka kati ya kitovu na koo ni vidonda vya tumbo. Kiungulia ni vidonda, gesi ni vidonda, mawazo ni vidonda. Vidonda vya kweli vina visababishi viwili vikubwa. Kimoja ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye Warren na Marshall walipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 2005. Omeprazoli peke yake haimuui. Inakupa raha huku yeye akiendelea kuishi kwako. Zaidi ya hapo, ukipima choo ukiwa bado unaimeza, kipimo kinaweza kusema huna wakati unaye, ndiyo maana unatakiwa kuiacha wiki mbili kabla. Kile kipimo cha tone la damu nacho kinasoma kinga ya mwili, kwa hiyo kinaweza kusema unaye hata kama ulishapona.

Kisababishi cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Dereva bodaboda mwenye mgongo unaouma anauziwa diklofenaki na omeprazoli dirisha lile lile, moja inachimba na nyingine inafukia. (Kwa mzee anayelazimika kumeza aspirini ya moyo, hiyo pea inaweza kuwa ushauri mzuri wa daktari, na asiache kwa sababu ya makala hii.)

Kuna watu ambao bahasha hii inawachelewesha vibaya. Nchi yetu imo kwenye ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya na Malawi, hadi Afrika Kusini. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni chakula kukwama: kwanza ugali, baadaye uji. Mtu huyo naye atasema "vidonda", naye atakatiwa kumi. Chakula kinachokwama, kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu: ukiona kimojawapo, usiende tena dirishani. Nenda hospitali, na uulize habari za kipimo cha kamera. Muhimbili kipo.

Kwa wengine wote, siku nyingine ukikatiwa, usiondoke kwanza. Mrudishie muuzaji peni na bahasha yake, mwambie aongeze vitu vitatu: saa ngapi kabla ya kula, mwisho tarehe ngapi, na ni ya ugonjwa gani. Akikwama kwenye hicho cha tatu, nauli ya kwenda kituo cha afya itakufaa kuliko vile vidonge kumi.