Musonoi imebaki Katanga



Kuko amri moja ya SQL yenye inafundishwa kila mahali: unaunganisha jedwali na lenyewe, kila mstari unapokea kitu toka kwa mzazi wake. Ni fupi, inapendeza. Lakini kwa mambo ya ngazi nyingi haitoshi, na mfano uko hapa kwetu.

Mu 2015 inchi yetu ilitoka provensi 11 ikafika 26. Katanga ilikatwa vipande vine: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba. Tuseme jedwali la mahali liko na safu ine: namba, jina, mzazi, provensi. Kartie Musonoi iko chini ya komini, komini chini ya muji wa Kolwezi, muji chini ya provensi, na provensi haina mzazi. Tunaingiza Lualaba, tunaiweka mzazi wa Kolwezi, kisha:

UPDATE mahali AS m SET provensi = p.provensi FROM mahali AS p WHERE m.mzazi = p.namba;

PostgreSQL haitoe kosa hata moja. Kolwezi sasa inasoma Lualaba. Komini na Musonoi bado zinasoma Katanga. Juu ya nini? Amri inasoma jedwali vile lilikuwa mbele ya kuanza, kwa hiyo komini imekopia Kolwezi ya zamani. Ukirudilia, komini inapona. Mara ya tatu njo Musonoi.

Basi turudilie mara tatu? Hapana. Kijiji cha teritware ya Mutshatsha kiko chini ya grupma, sekta, teritware, kisha provensi. Mara tatu zinakiacha inje. Na kama bursi inatolewa kwa orodha ya Lualaba, mtoto wa kule haonekane, na hakuna mtu atajua sababu.

Dawa iko: WITH RECURSIVE, mu PostgreSQL tangu 8.4 (2009), mu MySQL tangu 8.0 (2018). Inaanza juu, inashuka mpaka hakuna mtoto tena.

Lakini lawama yangu kubwa ni hii: kwa nini kuandika provensi kwa kila mstari? Tuchunge mzazi tu, provensi tuitafute wakati tunaihitaji. Hapo, siku bakubwa wanakata inchi tena, kwa Kolwezi yote tunabadilisha mstari moja, na Musonoi inafuata yenyewe.