Dhiki ya Kimaadili ya Wauguzi katika "The Old White Witch" ya Grace Ogot

Hadithi fupi ya Grace Ogot "The Old White Witch," iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968), ni rahisi kusomwa kama kisa kingine cha mgongano kati ya mila na ukoloni. Usomaji huo una msingi, lakini unaliacha kando jambo ambalo Ogot, aliyesomea uuguzi Uganda na ukunga Uingereza, alilifahamu kwa undani: hali ya muuguzi anayeamriwa kutenda asiloweza kulikubali. Makala haya yanaichunguza hali hiyo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu maadili ya uuguzi, mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton alitofautisha shaka na dhiki ya kimaadili. Mwenye shaka hajui lililo jema. Mwenye dhiki analijua, ila taasisi inamfungia njia ya kulitenda. Fasili hii inafaa, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba muuguzi na hospitali wanakubaliana kuhusu maana ya wema, na kwamba kinachokosekana ni nafasi tu.

Ogot anaitikisa dhana hiyo. Katika hospitali ya misheni, wauguzi wanatakiwa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, kazi ambayo mila ya jamii yao haimruhusu mwanamke kuifanya. Kwa metroni Mzungu, kazi hiyo ni huduma na unyenyekevu wa Kikristo. Kwa Monica Adhiambo na wenzake, ni unajisi utakaowafuata hadi nyumbani kwao. Hakuna upande wenye shaka. Kinachoumiza ni kwamba upande mmoja pekee ndio wenye mamlaka ya kutaja wema ni upi. Dhiki ya wauguzi hawa basi haianzii pale huduma inapozuiwa, bali pale huduma yenyewe inapofasiriwa bila wao kuulizwa.

Mgomo hauiondoi dhiki hiyo, unaizidisha. Kuondoka ni kulinda heshima, na papo hapo ni kumwacha mgonjwa asiyehusika na ugomvi. Hapa ndipo penye udhaifu wa hadithi. Wagonjwa hawapewi sauti ya kutosha, na badala ya kuufuatilia mgogoro wa kundi zima hadi mwisho, mwandishi anamfanya Adhiambo augue na kurudishwa katika hospitali ileile aliyoigomea. Ugonjwa unafanya kazi ambayo hoja ilipaswa kuifanya. Hata hivyo, mgeuko huo una thamani yake: kiongozi wa mgomo anakuwa mwili unaohitaji kuhudumiwa, na msomaji analazimika kuliona suala kutoka kitandani.

Uzito wa swali hili haukuisha na ukoloni. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa takriban miezi 5, kuanzia Juni hadi Novemba. Madai yao yalihusu malipo na makubaliano ya kazi, wala si mila. Lakini muundo wa dhiki ulikuwa uleule: kubaki ni kuridhia udhalimu, kuondoka ni kumwacha mgonjwa. Mhakiki anayemlaumu Adhiambo kwa ushupavu, au metroni kwa ukaidi, anakosa kiini cha hadithi. Ogot anaonyesha kwamba taasisi ikikataa kusikiliza, gharama ya dhamiri ya muuguzi hulipwa na mgonjwa.